Kinachogonga Ndani ya Tangi

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina mguu mmoja mfupi, na anayekaa upande huo hulipwa kwa kupewa kahawa kwanza. Leo alikaa Kinyozi mwenyewe, roho juu. Jana mchana, baada ya kuwabembeleza weee, aliwaonyesha wenzake mle dukani ile filamu yake ya kutisha ya Australia, ambayo hata muuza filamu hakuwahi kuisikia. Mama mjane, kondoo wake, nyumba ya peke yake nyikani, na kitu kinachogonga tangi la maji, kwa ndani. Marehemu mke wa Kinyozi aliipenda mno filamu hiyo. Kinyozi hakutaka kingine ila apatikane mtu mwingine wa kuipenda.

— Haya, semeni. Mmeionaje?

— Kali! alisema Breki, dereva wa lori aliyepewa jina hilo kwa sababu hazikanyagi. — Ila kosa ni la yule mama. Mbwa kamkataza kwenda tangini, yeye kaenda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mbwa ndiye mkuu?

— Pale nyumbani nani mwingine alikuwa na akili?

Profesa, mchomeleaji mageti ambaye shahada yake ni ubishi, akapuliza kahawa.

— Mnaangalia juu juu nyie. Mle tangini yumo mume.

— Mume si alizikwa mwanzoni?

— Jeneza lilifunguliwa ukaona? Kuna kitu kinaelea mle, na ukiona vyaelea, vimeundwa. Mama kamtumbukiza mwenyewe!

— Usimsingizie mama wa watu! Kinyozi aling'aka, utadhani kasemewa jirani yake.

— Tulieni, alisema Breki. — Wabaya ni kondoo. Kondoo gani anakukodolea macho vile? Mzimu umewaingia. Haba na haba hujaza kibaba: leo kondoo mmoja, kesho zizi zima.

— Na yule kangaruu aliyechungulia dirishani?

— Shemeji yao. Kaja kuhani msiba.

Kinyozi alicheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini. Alifurahi jamani. Watu wazima na ndevu zao wanagombania filamu ya mama watoto wake!

Fundi cherehani, dada aliyehamia juzi chumba cha pili, alikuwa amesimama na kikombe chake anawasikiliza.

— Samahani, kaka zangu. Kwani mwisho wake yule mama alipona?

Breki akamtazama Profesa. Profesa akalitazama birika.

— Breki, si ulikuwepo?

— Simu iliita, nikatoka nje.

— Simu yako si mbovu wewe?

— Na wewe je?

— Mimi... nilijifunika shuka la kunyolea. Nywele zilikuwa zinaniwasha.

Wakamgeukia mwenye filamu. Jana, mlango wa yule mama ulipoanza kutikisika, Kinyozi aliinama kusafisha mashine iliyokuwa safi tayari.

— Mwenye kuangalia alikuwa mama watoto, alisema polepole. — Mimi nafumba macho, namshika mkono. Ikiisha ananiambia, "Fumbua, baba, imekwisha."

— Hukumuuliza inaishaje?

— Niliona aibu. Nikasema ipo siku nitajikaza niione mwenyewe, yeye akiwa pembeni.

Hakuna aliyemtania. Breki akamwekea mkono begani.

— Basi twendeni ndani, akasema fundi cherehani. — Mimi siogopi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Breki akajibu, na kwa mara ya kwanza pale benchini methali ikakaa mahali pake.

Wakaingia, wakashusha pazia, wakabanana. Tangi lilipogongwa Profesa alivuta shuka, na Breki akavuta upande wake. Mlango wa yule mama ukaanza kutikisika. Kinyozi akafumba macho kwa mazoea, mkono kaulaza kwenye kiti cha pembeni, akingoja kuambiwa.

Kisha akakumbuka, akafumbua mwenyewe.