Marehemu Hezekia Nyagawa na Bunduki ya Baba Mkwe

Mchungaji, wazee, majirani wa Lyamkena, na ninyi nyote mliofika Kidugala na baridi hii ya Julai, familia inawashukuru, na inaomba mtuvumilie tumseme kwa kirefu mtu ambaye alipokuwa hai alisema kidogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa Kidugala, mtoto wa tatu wa Mzee Ebeneza na Mama Asteria, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1964 hadi 1970, akalima viazi na wazazi wake hadi 1975 alipojiunga na jeshi, akafundishwa ufundi wa silaha, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2004 na kuhamia Lyamkena, Makambako.

Tarehe 21 Julai 1984, huko Ludewa, alifunga ndoa na Dorosela, binti wa Mzee Severini Mgina, na Mungu akawajalia Eveline, Shedrack na Jasmine.

Baada ya kustaafu, watu wa makumbusho walimwita mara kwa mara akague bunduki za kale, naye aliangalia mtutu, kitako, na bolti, yaani kile chuma kinachofunga risasi ndani, akitafuta namba, kwa kuwa bunduki iliyotoka kiwandani na sehemu zake zote huwa na namba moja, na thamani yake huipita mbali ile ya kuungaunga.

Agosti 2023 Mzee Severini alimwita ukweni aikague bunduki ya baba yake, askari wa vita vya Wajerumani, ambaye hakuacha picha wala kaburi linalojulikana, na shauku ya mzee ilikuwa moja tu, jina la baba yake liandikwe kwenye kibao cha makumbusho kabla yeye mwenyewe hajafa. Marehemu akaifungua, akaona namba ya bolti hailingani na ya mtutu, akaifunga, akasifu chai.

Kumbe mzee kasoro hiyo aliijua, akihofia makumbusho wataikataa bunduki, na fundi mmoja mjini alikuwa tayari kuifuta namba ya bolti na kugonga ile ya mtutu, na mzee alingoja tu neno la mkwewe kwamba bunduki ni kamili. Nani kati yetu amewahi kumkatalia baba mkwe usoni? Marehemu alikosa usingizi, chakula kikamshinda, simu ikiita aliiacha iite, hadi akamfuata Mzee Yusto, mshenga wake wa tangu posa, amfikishie ujumbe, lakini Mzee Yusto akacheka: “Mwanangu, mimi nilibeba posa, leo unanitwisha na bunduki? Hiyo beba mwenyewe.”

Akaenda, akainama, akasema: “Baba, mtutu ni wa kweli, kitako ni cha kweli, bolti ni ya bunduki nyingine. Tukigonga namba ya uongo, hata yale ya kweli hayataaminika.”

Mzee akajibu: “Kumbe nilimwoza binti yangu kwa karani wa vyuma.”

Tangu hapo hakumsemesha, na kila asubuhi marehemu alimuuliza Mama Eveline kama baba amepiga simu.

Tarehe 6 Julai 2024 alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitalini Njombe, akapoteza kauli. Tarehe 8 Mzee Severini, mwenye miaka tisini na miwili, aliingia wodini, akasema amekumbuka kwamba baba yake hakusimulia vita hata mara moja bila kumtaja “mwenzangu”, akaeleza kuwa bunduki aliipeleka makumbusho kama ilivyo, na bolti ileile, na kibao kimeandikwa: “Bunduki ya askari Elius Mgina, na ya mwenzake ambaye jina lake halijulikani.” Aliyasoma maneno hayo kwa sauti, karibu na sikio la mkwewe, akarudia, naye marehemu alifumba macho tu. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Julai 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, wanajeshi wenzake, na Mzee Severini aliyeketi pale mbele, aliyetuagiza tusome haya bila kuficha.

Hezekia, kama ulisikia au hukusikia, wasiwasi huo utuachie sisi. Wewe pumzika kwa amani.