Jiko Lililopungua Kilo Moja

Benchi letu limeegemea ukuta wa Bosi Kutu, mnunuzi wa chuma chakavu, hatua tatu tu kutoka kwenye mizani yake. Ndiyo maana Fundi, mshonaji wetu, amepata ugonjwa mpya: kila akimaliza kikombe cha kahawa, anapanda mizani. Goti lake linataka kupasuliwa, na daktari kamwambia hawamgusi mpaka ashuke hadi kilo tisini. Mwezi uliopita hospitali walimkuta na mia moja na nne. Kesho yake, kwenye mizani ya Kutu, alikuwa na tisini na tano. Tulimpongeza kwa kujituma. Leo imesoma tisini kamili, na miadi ni kesho asubuhi.

— Siri ni kujipima mara sita kwa siku, Fundi akasema. Mwili ukijua unachungwa, unaona haya.

— Sita chache, akasema Profesa, kinyozi wetu. Mafuta ni mpangaji mkorofi. Mgongee mlango kila saa, atahama mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hicho kibaba ndicho kilichomponza, nikamwambia.

Bosi Kutu, mwenye mizani na mwenye birika, alipinga. Kwake yeye mtu ajipime mara moja kwa mwezi, maana mafuta yakisikia mlio wa chuma hukimbilia kwenye mifupa kujificha, ukishuka yanarudi tumboni kama kawaida. Profesa akasema anamjua mtu aliyejipima hata usingizini, akapungua mpaka mkewe akawa anamtafuta ndani ya shati.

— Shauri lenu, akamalizia Kutu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— La guu usilirudie, bosi, Fundi akasema, mkono gotini. Mimi nataka kupanda ngazi za nyumbani kwangu bila kushikwa mkono na binti yangu. Basi.

Ndipo akaja mama mmoja tusiyemjua, kabeba jiko bovu la chuma. Kutu akaliweka kwenye mizani, akasoma kumi.

— Kaka, sasa hivi dukani hapo kona limesoma kumi na moja, mama akasema. Nimelibeba mwenyewe, halijagusa chini. Hiyo kilo moja imedondoka wapi?

Profesa aliinama, akachungulia chini ya mizani.

— Kahawa imeisha, akasema Kutu, akalinyanyua birika kwa mikono miwili.

Fundi hakumtazama. Alivua futi ya kupimia nguo iliyoshinda shingoni mwake mwezi mzima, akajizungusha nayo kiunoni, akasoma, akaikunja polepole. Kesho saa mbili anapimwa tena, na mizani ya hospitali hainunui chuma chakavu.