Minazi ya Sanda

Nisikilizeni, wanangu, na mnisikilize mkiwa mmekaa, kwa maana haya ninayotaka kuyasema pumzi ya kuyarudia sina. Abeid, acha kutazama saa. Gari la kurudi Kibaha lipo leo na kesho lipo, baba yako kesho huenda hayupo. Kondo, keti hapo miguuni. Zubeda, mwanangu, niinulie kichwa kidogo, mto huu unaniumiza shingo. Hivyo. Nitaanza na neno ambalo tangu mzaliwe hamjapata kulisikia kinywani mwangu: naogopa. Siogopi maumivu, hayo nimekwisha yazoea. Naogopa nisije nikafa kabla sijalisema jambo moja ambalo hapa duniani ni mimi peke yangu niliyeruhusiwa kulisema.

Nyumba hii ni yenu, na shamba la mihogo la bondeni ni lenu, na mikorosho iliyo njia ya Vihingo ni yenu. Gawaneni kama Mungu alivyopanga, wala Zubeda asipunjwe eti kwa sababu ameolewa. Lakini minazi iliyo nyuma ya msikiti, ile mnayoiita minazi ya bibi, si yenu, haijapata kuwa yangu, wala haikuwa ya marehemu baba yangu. Ni wakfu. Ndiyo, Abeid, nimesema wakfu, na ninajua kwamba mwaka jana, mbele ya hakimu, nilisema sivyo.

Bibi yangu Mwanahalima aliipanda kwa mikono yake, zama za Mwingereza, mashamba ya mkonge yalipokuwa yakiwameza watu wa bara. Siku moja akitoka kisimani alikutana na vibarua wawili wamembeba mwenzao ndani ya gunia, miguu ikining'inia nje, wanamtafutia pa kumfukia kwa kuwa hakuwa na ndugu wa kumzika. Bibi aliutua mtungi pale pale njiani, akarudi nyumbani, akafungua sanduku, akaitoa sanda aliyojiwekea mwenyewe kwa siku yake, akawapa. Ijumaa iliyofuata akawaita wazee wa hapa Msimbu akatamka mbele yao kwamba minazi ile ameitoa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi, hairithiwi, hatunukiwi mtu. Nazi zake ziuzwe, inunuliwe bafta nyeupe ya sanda, na kila afaye hapa bila mtu wa kumsitiri avikwe, asiulizwe kabila. Kuandika hakujua. Usimamizi alinipa kwa kauli, akiwa amelala kama nilivyolala mimi sasa, na wazee walioshuhudia wote wako chini ya mchanga. Hata mwaka ule wa kuhamia vijijini, tulipoambiwa ardhi yote ni ya umma, mwenyekiti alipita akaihesabu minazi yote ya kijiji, alipofika kwenye ile akaiacha, kwa kuwa kila mtu alijua ni ya nani. Leo wanaojua wamepungua, na aliye na haki ya kuyasema hayo mbele ya sheria amebaki mmoja.

Sasa sikilizeni nilichokifanya.

Mwaka juzi nguo ziliadimika, mnakumbuka. Kaya moja khanga moja, na hiyo kwa foleni tangu alfajiri. Nami nikaenda Dar es Salaam, nikapita mlango wa nyuma kwa mfanyabiashara mmoja, nikapata majora mawili ya bafta kwa ajili ya wakfu, nikayaficha chini ya kitanda hiki. Haujapita mwezi, ukaja ule msako wa walanguzi. Redio kutwa ilikuwa ikitaja watu. Tukasikia Mlandizi kuna mtu kachukuliwa kwa katoni za sabuni tu. Basi asubuhi moja Land Rover ikasimama mbele ya msikiti, na mimi sikuuliza imemfuata nani. Niliyabeba majora yale mbio, wanangu, nikayatumbukiza chooni, nikayasukuma kwa mti mpaka yakazama. Sanda za watu wasio na mtu, nguo nyeupe ambayo haijaguswa hata na vumbi, nikaizamisha kwenye kinyesi changu mwenyewe. Na gari lile lilikuwa la bwana shamba, amekuja kuulizia mbegu za mikorosho. Mama yenu aliniona kutoka jikoni. Amekufa hajalisema jambo hilo.

Tangu siku ile, kila aliyekuja kuuliza sanda nilimwambia hakuna. Na walipozidi kuuliza, nikaona afadhali kusema haikuwapo kamwe. Kwa kuwa kama ningekubali kwamba wakfu upo, ningeulizwa bafta iko wapi.

Kidawa mnamkumbuka, mjane wa yule Mnyamwezi mkata mkonge, mtani wangu. Hakuwa akipita barazani kwangu bila kunichokoza: "Mzaramo, hujafa tu? Nimekwisha pika pilau ya msiba wako, inachacha!" Nami humjibu, "Tangulia wewe, Mnyamwezi, ukanifagilie njia." Basi yule ndiye aliyekwenda mahakamani. Alikwenda na wenzake wanne, wazee kama yeye, na mimi nikaitwa. Hakimu akamwuliza, "Mama, wewe ni nani katika minazi hii?" Akasimama wima akasema, "Sina mtoto, sina ndugu, sina mtu. Sanda yangu iko juu ya minazi ile, na huyu mzee hataki kuiangua." Wenzake walipoulizwa kama nao hawana mtu, wakatazama chini, mmoja akasema anaye mpwa Songea, mwingine akasema anaye binti Mombasa, ingawa kijiji kizima tunajua hakuna mpwa wala binti. Nani atasimama hadharani aseme kwamba siku akifa hakuna wa kumlilia? Alisema Kidawa peke yake.

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa upole, "Mama, wewe siwe uliyeitoa mali hii, siwe mrithi wake, wala siwe msimamizi. Kunufaika peke yake hakukupi nafasi ya kuleta shauri hapa. Wa kulileta ni msimamizi. Tena kusema kweli, hata kunufaika bado, maana upo hai." Watu wakacheka. Kisha akanigeukia mimi. "Mzee Mwishehe, wakfu huo upo? Nawe ndiwe msimamizi wake?" Wanangu, mbele ya macho yangu sikumwona hakimu, nililiona tundu la choo. Nikasema, "Hakuna wakfu, mheshimiwa. Ni minazi ya urithi." Kidawa akanitazama. "Mzaramo," akasema, "leo sikutanii. Mdomo wetu ni wewe." Shauri likafutwa.

Kidawa hakuuona mwisho wa mwaka. Alipokufa, nguo haikupatikana kijiji kizima. Walimshonea magunia mawili ya korosho. Na mimi, kwa kuwa ni mtani, watu wakanisogeza mbele kaburini nifanye utani wangu kama ada ilivyo, niseme marehemu alikuwa mlafi, niseme ana madeni, watu wapumue. Nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Wakadhani ni huzuni.

Ilikuwa hofu, na haijanitoka mpaka saa hii.

Maji, Zubeda. Kidogo tu. Basi, inatosha.

Sasa nije kwenu, na mniwie radhi, kwa kuwa ninyi pia ninawaogopa. Jumatatu nilimtuma Kondo aniitie imamu na mwenyekiti waje wanisikie. Ukarudi, mwanangu, ukasema imamu anaumwa na mwenyekiti kaenda mkutanoni Kisarawe. Zubeda alipotoka kuchota maji alimkuta mwenyekiti anacheza bao, na imamu ndiye anayemfunga. Usiiname, Kondo, sikugombezi. Na jana alasiri mlinidhania nimelala. Nilimsikia Abeid nyuma ya ukuta huu akisema, "Tukae kimya siku mbili tatu, yatakwisha yenyewe. Wale hawana pa kwenda, mahakama ilikwisha sema." Umesema kweli, mwanangu mwenye elimu, na ndiyo inayonitetemesha. Hamhitaji kuiba. Hamhitaji hata kusema uongo, uongo nimekwisha wasemea mimi. Mnahitaji kungoja tu, baba yenu akate roho, minazi iingie kwenye urithi, na hatabaki mtu ambaye sheria itamsikiliza.

Usiniambie, "Baba, pumzika." Nitapumzika sana.

Kondo, mbona mlango umefungwa na jua bado liko juu? Nani kaweka komeo? Nasikia watu uani, waliokuja kunijulia hali, na nyinyi mmewaambia mgonjwa amelala. Abeid, ondoka hapo mlangoni. Mimi siwezi kunyanyuka nikuondoe, nakuomba. Baba yako anakuomba. Zubeda... Zubeda, inua komeo.

Mboni! Mboni, uko hapo? Ingia, mama, ingieni nyote, msivue viatu, hakuna wakati.

Huyu ni Mboni, mnamjua. Anaishi kwenye kibanda cha marehemu Kidawa, naye, kama Kidawa, hana mtu. Mbele yenu nyote natamka: minazi iliyo nyuma ya msikiti ni wakfu wa sanda wa Mwanahalima, mimi ndimi msimamizi wake, niliukana mahakamani kwa woga, na sasa usimamizi ninautoa mkononi mwangu ninautia mkononi mwa Mboni. Mkiulizwa, mlisikia. Mboni, umekubali? Sema kwa sauti, Abeid asikie. Eeh. Sasa ukienda mahakamani hakimu hawezi kukwambia ukae chini.

Abeid, lile furushi ulilolishusha jana garini, nililiona. Ni sanda yangu, bafta nzuri, sijui umeipataje, Mungu akulipe. Mpe Mboni. Mimi nizikeni na shuka hii, ifueni tu. Hiyo mpya ni ya wakfu, ni ya yeyote atakayetangulia bila mtu. Mpe sasa hivi, niione ikitoka mkononi mwako... Hivyo. Hivyo, mwanangu. Nimekuridhia, na Kondo nimemridhia. Mungu awape watoto wasiowaogopa, nanyi msiwaogope wao. Zubeda, uliyefungua, wewe... nimeishiwa maneno, wewe Mungu anakujua.

Msizime sauti zenu, ongeeni. Ongeeni tu, nisikie watu.

Mboni, usiende bado. Kaa hapa. Nishike mkono... bado naogopa.