Mdonoa Herufi na Kamusi ya Mikono

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mnaosikia na mnaotazama, haya ndiyo maisha ya marehemu baba yetu, yakisomwa na binti yake wa pili kwa niaba ya familia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, nyumba ya pili kutoka mwisho wa mtaa wa mafundi bati, na kelele za nyundo alizozaliwa nazo alizisikia kwa miaka mitano tu, kwani mwaka 1956 aliugua homa ya uti wa mgongo, mwili ukapona, masikio hayakurudi. Mdogo wake wa pekee, ambaye sisi watoto tunamwita Baba Mdogo, alizaliwa mwaka huo huo, akajua kuongea kwa mikono kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati, akawa mkalimani wa kaka yake dukani, kliniki na barabarani. Watu walipomwita kaka yake bubu, yeye alimgeuzia kwa ishara, "Wanakusalimu," na marehemu, aliyesoma nyuso kuliko wengi wanavyosoma vitabu, alielewa, akatabasamu, akaitikia salamu hiyo bila kumsahihisha mdogo wake.

Mwaka 1959 alianza shule ya bweni ya watoto viziwi, ambako darasani walikalia viganja vyao ili wasitumie ishara, wakatazama midomo ya mwalimu hadi macho yakachoka, kisha bwenini mikono ikafunguliwa na masomo yenyewe yakaanza. Alihitimu mwaka 1967 akisoma na kuandika vizuri, na hakuwahi kusema ni kwa akili zake, alisema wenzake hawakubahatika kusikia maneno kwa miaka mitano kama yeye.

Januari 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchapa, idara ya kupanga herufi za madini ya risasi, mahali ambapo mitambo ilinguruma hata wanaosikia wakalazimika kuelewana kwa mikono, kwa hiyo yeye akawa mwenyeji na wao wageni. Herufi zilikaa katika trei za mbao zenye vyumba vidogo vidogo, naye alizichukua bila kutazama, kama kuku anavyodonoa mtama, ndipo wenzake wakambandika jina la Mdonoa Herufi, akalipenda.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, kiziwi tangu kuzaliwa, ambaye hakupelekwa shule hata siku moja, wakajaliwa watoto watatu, wa mwaka 1978, 1981 na 1986, sote tunasikia, na sote neno letu la kwanza tulilitamka kwa vidole. Mama alitaka sana kujua ishara zake zinaandikwaje kwa maneno, lakini kila kamusi aliyoletewa ilimtaka ajue neno kwanza, na neno ndilo hasa alilokuwa akilitafuta.

Kiwanda kilipoacha herufi za risasi mwaka 1989, marehemu aliomba zile trei zilizokuwa zikitupwa, akazibeba nyumbani, akaanza kuweka humo kadi za ishara na maneno yake badala ya herufi, kila umbo la mkono na chumba chake, ngumi, kiganja wazi, kidole kimoja, na ndani ya kila chumba ishara zikafuatana kwa mahali zinapofanyiwa, kuanzia paji la uso kushuka hadi kiunoni, kisha kwa mwendo wake. Alibuni pia alama za kuziandika, zinazosimama moja juu ya nyingine kama ghorofa, umbo juu, mahali katikati, mwendo chini, na mama akazishika upesi, akawa anabandika mlangoni orodha ya vitu vya dukani, akiendelea kulalamika kwamba nyumba ina mikono tele na hakuna hata mmoja unaoosha vyombo. Kwa trei hizo, mtu aliyeona ishara na asijue maana yake aliweza kuitafuta kwa umbo la mkono aliouona, akafika kwenye neno.

Mwaka 2006 taasisi moja ya lugha ilikubali kuichapa kamusi hiyo, na tarehe 9 Februari 2008 wajumbe walikutana naye, Baba Mdogo akikalimani. Mwenyekiti alisema wanunuzi watakuwa walimu na wazazi wanaosikia, hivyo ishara zitapangwa kwa alfabeti ya maneno na zile alama zitaondolewa, la sivyo mradi unafungwa, akauliza kama marehemu anaridhia. Baba Mdogo alimgeukia kaka yake akamwambia kwa mikono, "Wameupenda mpangilio wako, wanataka saini tu," kisha akawageukia wajumbe akasema kwa mdomo, "Kaka amekubali," na marehemu akatia saini akitabasamu.

Kitabu kilitoka Oktoba 2009, kizuri, chenye picha za rangi, na mama alikishika kwa mikono miwili, akatafuta sehemu ya ngumi, akarudi mwanzo, akatafuta tena, kisha akamrudishia mumewe na kumuuliza, "Ni cha nani hiki?" Marehemu alimwita mdogo wake uani, naye hakukana neno, alieleza kwamba wangekitupa, kwamba nusu shari ni heri kuliko shari kamili, na marehemu akamjibu, "Nilikufanya sikio langu, sikukufanya kichwa changu."

Tangu siku ile hakutaka tena mkono wa mdogo wake kati yake na mtu mwingine. Walikula pamoja, walizikana na kuozeshana, lakini ofisini na hospitalini marehemu alikwenda na kalamu na karatasi, akirudi na nusu ya alichoambiwa. Familia haijui njia ilianza kupinda wapi, pengine ilikuwa kwenye zile salamu za barabarani, ambazo mtoto mmoja alizitunga kwa huruma na mwingine akazipokea kwa huruma.

Alianza kuugua ini mwaka 2021, akafariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, akiwa na mama kando ya kitanda. Aliagiza kwamba historia yake isomwe bila kupunguzwa, na kwamba atakayeigeuza kwa ishara awe mdogo wake, neno kwa neno, mbele ya watu wanaoweza kumsahihisha.

Tunawashukuru madaktari, na yule muuguzi aliyejifunza ishara ya maumivu ili amuulize bila karatasi, tunawashukuru majirani waliopika na kufagia, wenzake wa kiwandani waliobaki, na chama cha viziwi kilichojaza viti vya mbele. Tunamshukuru pia Baba Mdogo, aliyesimama hapa kulia kwangu, ambaye jana, alipoonyeshwa maandishi haya, aliomba tufute sentensi moja tu, ile ya huruma ya utotoni, akisema inamtetea, nasi hatukuifuta. Mtauliza kama marehemu alimsamehe. Hakusema amesamehe, hakusema amekataa, na sisi hatutamsemea.

Baba, laza mikono yako, upumzike kwa amani.