Mpunga wa Pesa ya Duara

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, mwangaluka. Sijazoea kusema mbele za watu, kwa hiyo mnivumilie nikinyamaza katikati.

Mume wangu alikuwa mchimbaji upande wa Bulyanhulu. Duara lake, lile shimo alilochimba na wenzake, lilititia akiwa ndani. Tulimzika kwao, Tinde. Sikulia. Watu walisema nitalia baadaye. Mpaka leo bado.

Wenzake waliniletea mgawo wake. Mnajua wachimbaji wanavyoamini: pesa ya dhahabu isilale ndani, iishe haraka, maana ikikaa inaita kifo kingine. Na mimi niliamini. Tulichinja, tukapika, tukanunua pombe, tukalisha hata waliokuwa wanapita njia. Matanga yalipoanuliwa, ndani hamkuwa na kitu. Watu walinisifu kwa msiba mzuri. Ndugu zangu, nawaambia, hata uchungu sikuusikia. Nilikuwa nakaa tu, natazama jua linavyohama ukutani.

Njaa ilipoingia, niliamua binti yetu aache shule akaponde mawe machimboni, kule kule alikofia baba yake. Nilimwambia kama ninavyomwambia akachote maji. Akaitikia, "Ndiyo mama."

Wakati huo shuleni kwao kulikuwa na somo la kutunza fedha. Kuna watu wa hisani walilitolea pesa, wakalipia vitabu na posho ya mwalimu. Mimi niliona ni mchezo. Watoto wafundishwe kutunza fedha gani?

Kabla binti hajaondoka, wale wachimbaji wenzake na marehemu wakauza mawe yake ya mwisho, wakaniletea kilichobaki. Shemeji yangu alifika siku hiyo hiyo.

"Shemeji, pesa hii ina udongo wa kaka. Tuchinje ng'ombe, tunywe, iishe."

Binti alikuwa anachambua mboga. Akasema, "Baba mdogo, ikiisha tutakula nini?"

"Sikia huyu msomi. Wamekufundisha kuuliza wakubwa?"

"Wametufundisha kutenga kwanza, ndipo utumie. Sasa hivi watu wanavuna, mpunga ni rahisi. Tununue, tuuweke mpaka uadimike."

"Mpunga? Tumempoteza baba yako, wewe unasema mpunga?"

"Hata mimi nimempoteza, baba mdogo. Lakini na mpunga hatuna."

Shemeji aliinama, akawa anachora chini kwa kidole. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa amefiwa. Nikasikia sauti yangu inasema, "Tutanunua mpunga. Na wewe kesho utarudi shule."

Shemeji akasimama. "Haya, nunueni. Mkifa msije kunilalamikia."

Binti anasema hapo nilicheka. Mimi sikumbuki.

Hakufa mtu. Tuliuza mpunga ule kidogo kidogo sokoni Nyasubi wakati wa uhaba, tukatenga pesa ya kununulia mwingine. Ndivyo nilivyoingia katika chama hiki chetu cha wauza mpunga. Binti yuko sekondari. Shemeji siku hizi analeta magunia yake niyatunze kwangu, na anayakagua kila akipita, kana kwamba nitayala.

Sijapona, nisiwadanganye. Asubuhi nyingi bado naamka sisikii kitu. Lakini naamka, nafungua stoo.

Nawashukuru wachimbaji wale walioleta mgawo wa pili, wakati hakuna ambaye angejua hata wangeunyamazia. Namshukuru shemeji kwa kukubali. Namshukuru mwalimu aliyekaa pale nyuma. Na watu wale wa hisani, ambao sijawahi kuwaona, Mungu awakumbuke. Nilichojifunza ni hiki: aliyefiwa hana akili ya kupanga. Heri nyumbani awepo mmoja aliyefundishwa mapema.

Mwalimu ametuambia msaada wao umefika mwisho, na somo litakoma. Mimi sijui kuomba. Nimeegemeza gunia la mpunga hapo nje, karibu na mlango. Ni la kuendeleza somo lile. Pembeni yake kuna nafasi.