Mama Chapa, Karani wa Mahakama Aliyejifunza Piano Uzeeni

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosimama huko nyuma mkitafuta kivuli, familia inaomba utulivu wenu kwa muda mfupi, simu zizimwe, na wenye mazungumzo yao wayamalizie nje, ili mwelezwe maisha ya ndugu yetu, ambaye karibu wote mlimwita Mama Chapa, kama yalivyokuwa, bila kuyapaka sukari, maana yeye mwenyewe hakuwa mtu wa sukari.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1952, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, fundi viatu, akiwa mtoto wa pili, na kwa kuwa mama yao alikuwa akiuguaugua, alibebwa zaidi na mgongo wa dada yake mkubwa, ambaye mpaka leo huo mgongo unamuuma na haoni sababu ya kuficha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1967, akaendelea na sekondari hadi 1971, na mwaka uliofuata akaingia chuo cha uhazili, ambako walifunikwa mikono kwa kitambaa wajifunze kupiga chapa bila kuangalia, na aliyechungulia alipigwa rula ya vidole, naye alichungulia siku ya kwanza tu.

Tarehe 1 Juni 1973 aliajiriwa mahakamani kuwa karani mpiga chapa, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2012, akiandika maneno ya mashahidi kama yalivyotoka vinywani mwao, pamoja na uongo wao na makosa yao, na pia akichapa hukumu, ambazo zilikuwa jambo lingine kabisa, kwa sababu hukumu haikuruhusiwa kufutwa wala kupakwa rangi nyeupe, ukikosea herufi moja mstari wa mwisho unachomoa karatasi nzima na kuanza upya, na kwa hizo karatasi alizochomoa kwa hasira, majaji wenyewe walijifunza kubisha hodi kabla ya kuingia.

Aliolewa tarehe 14 Desemba 1976 na fundi friji, huyu aliyekaa hapa mbele, mtu ambaye maneno yake ya mwaka mzima marehemu aliyamaliza kabla ya chai ya asubuhi, na watu waliosema hawatafika mbali wamo humu humu leo, wamevaa vizuri. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mfamasia, na wa kiume ambaye ni fundi wa kuchomea vyuma.

Sasa tunafika kwenye habari ya piano, ambayo wengine mmekuja kuisikia kuliko kuja kuzika. Mwaka 1998 warithi wa bibi mmoja walishtakiana kwa ajili ya piano yake, kila upande ukidai iliyoko kwenye ghala la vielelezo siyo yenyewe, imebadilishwa, basi jaji akaagiza mwalimu mmoja wa muziki aliyewahi kuipiga aje aitambue, na marehemu akateremka naye ghalani, katikati ya baiskeli za wizi na mapanga yenye vibandiko, ili aandike atakachosema. Yule mwalimu hakusema kitu, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akapiga kipande cha zamani cha Ulaya, cha enzi ile wanayoiita Baroko, kina sehemu mbili, ya kwanza inaitwa preludi, ambayo ni kama mtu anayefungua madirisha ya nyumba, na ya pili inaitwa fuga, wala haihusu kuku, ambamo sauti moja inaanza kusema neno lake, ya pili inalidaka, kisha ya tatu, zote zinaongea kwa pamoja na kila moja inasikika. Marehemu, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akisikia watu wakiamriwa wanyamaze ili mmoja aongee, alisimama na penseli mkononi asiandike hata mstari mmoja, jaji alipoiona karatasi tupu akamkaripia, na jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba amesikia watu watatu wakibishana na hakuna aliyemkatiza mwenzake, naye mume akamuuliza kama amekula.

Warithi walishinda na kushindwa na kuchoka, piano ikabaki ghalani ikitafunwa na panya, na siku ya kustaafu wenzake walipotaka kumnunulia saa ya ukutani, alisema saa anayo, anataka ile piano, wakachanga wakainunua kwenye mnada wa mahakama, na ikaingia nyumbani kwa kung'oa mlango. Alimtafuta yule mwalimu, ambaye naye alikuwa amezeeka, akamwambia hataki nyimbo za watoto, anataka kile kipande na si kingine, na mwalimu alipomwambia kwamba watu hujifunza miaka mingi kabla ya kukigusa, alimjibu kwamba yeye ana vidole kumi vinavyojua kazi na hana miaka mingi.

Vidole vilijua kazi kweli, tabu ilikuwa mahali pengine. Kila alipokosea, hata sauti moja, hata kidole kilipoteleza kidogo tu, alinyanyua mikono na kurudi mwanzo kabisa, kama anayechomoa karatasi, na mwalimu alisema, akaomba, akapiga kifuniko cha piano kwa kiganja, lakini wapi. Hivyo ukaisha mwaka, ukaja mwingine, mwanzo wa kile kipande ukang'aa kama sufuria ya bibi harusi, na mwisho wake hakuna aliyeujua, hadi kinyozi wetu wa pembeni akawa anaupiga mluzi ule mwanzo akinyoa, anakatia pale pale marehemu alipokatia, wateja wakidhani ameishiwa pumzi.

Mwishoni mwa mwaka 2014 vikombe vilianza kumponyoka, na tarehe 9 Februari 2015 daktari akasema ni ugonjwa wa neva, unaanzia vidoleni, hauna dawa ya kuurudisha nyuma, na binti alipouliza mikono itadumu mpaka lini, daktari alisema mwaka huu anayo, mwakani asingependa kuwadanganya. Marehemu alirudi nyumbani, hakuvua hata viatu, akakaa kwenye piano akaanza mwanzo, akakosea, akaanza mwanzo.

Miezi ile nyumba ilikuwa haikaliki, kwa maana kila mtu alikuwa akisikiliza huku akijifanya hasikilizi, binti akisimamisha ufagio, mume akishika bisibisi hewani mbele ya friji ya watu, na kila alipovuka mahali alipokwamia jana wote walibana pumzi, kisha ukimya, kisha mwanzo tena. Dada yake alimwambia ampishe mwalimu kwenye piano, asikilize huo mwisho kwake, yaishe, akajibiwa kwamba chakula cha mtu mwingine hakimshibishi. Mwezi wa nane kidole cha pete cha kushoto kilianza kuchelewa, na ndipo mume, aliyekuwa amenyamaza kwa muda wote huo, aliweka kijiko chini wakiwa mezani akasema, "Mke wangu, utakufa ukiwa ukurasa wa kwanza." Wiki nzima hakusemeshwa, sahani yake iliwekwa mezani kwa kishindo, na piano iliendelea na mwanzo wake.

Jumapili, tarehe 1 Novemba 2015, saa kumi alasiri, wakiwapo mwalimu, binti, dada mtu na mume mlangoni, marehemu alisema leo anapiga mpaka mwisho, ahadi ambayo ilikuwa imezoeleka. Preludi ilipita safi. Fuga ikaanza, sauti ya kwanza ikaingia, ya pili ikaidaka, ya tatu ikatokea chini kwenye mkono wa kushoto, ikaenda vizuri hadi katikati, na hapo kile kidole hakikunyanyuka, sauti mbaya ikatoka, kubwa, kila mtu akaisikia. Mikono yake ilinyanyuka. Mkono wa kulia ulikwenda juu, ukashika hewa, kama unaoshika pembe ya karatasi, mwalimu akafumba macho, na tuliokuwepo tulijua kwamba vidole vile havina nguvu ya kuanza tena, akirudi mwanzo ndiyo basi.

Mume alisema kutoka mlangoni, bila kupaza sauti, "Hiyo siyo hukumu, Mama Chapa. Ni ushahidi. Andika kama ulivyotoka."

Alikaa na mkono wake juu kwa muda ambao dada yake anaona ulikuwa mrefu kuliko mwaka, kisha akaushusha, si mwanzoni, bali pale pale alipokuwa ameachia, akaendelea. Alikosea tena, na tena, mara moja mkono wa kushoto ulibaki nyuma kabisa kama mzee anayeshuka kwenye gari, lakini sauti nyingine mbili hazikuusubiri wala hazikuuacha, zikaenda nao hivyo hivyo, na zote tatu zikafika mahali ambapo katika nyumba ile hapajawahi kufikiwa, palipokuwa na huzuni, halafu ghafla pakafunguka, kipande kikaisha. Marehemu aliangalia vidole vyake, akamgeukia mwalimu, akasema, "Kumbe ni kifupi hivi," akamwambia mumewe aingie ndani, nzi wanaingia.

Hakukipiga tena. Kufikia Januari mikono ilikuwa imelala, akawa analishwa, na kulalamika juu ya chumvi hakuacha, hadi alipofariki tarehe 19 Agosti 2016, asubuhi, nyumbani kwake, mume akiwa ameshika ule mkono wa kushoto.

Familia inamshukuru daktari kwa kusema kweli pale wengine walipotuuzia matumaini, wauguzi, mwalimu wa muziki, wafanyakazi wenzake wa mahakamani kwa kukubali kubeba mzigo ule hadi mlangoni, na majirani wote, wakiwemo waliotishia kuita polisi kwa ajili ya kelele na sasa wanasema walizipenda. Piano haiuzwi, msiulize.

Mama Chapa, umepita ulikokosea ukafika. Pumzika sasa, na amani ikae nawe.