Karatasi Haitoki Mlangoni

Benchi letu liko Kisenyi, nyuma ya gereji za malori, limeegemea ukuta wa duka la fotokopi la Shamirah. Zamani lilikuwa kiti cha basi. Sponji imekwisha, chuma kimebaki, na tukikaa watatu, wa katikati hudidimia kidogo. Wa katikati ni mimi. Kila siku baada ya alasiri Mama Rukiah hushusha birika lake la kahawa ya tangawizi, na hapo ndipo dunia huanza kutengenezwa upya. Kushoto kwangu hukaa Faruk, muuza vipuri, tunayemwita Spea. Hujawahi kumwuliza kitu akasema hana. Kulia hukaa Okidi, polisi mstaafu, Afande mpaka kaburini. Mimi ni Saverio Oola, nilifundisha hesabu miaka thelathini na sita, na hapa naitwa Sufuri kwa sababu ya alama nilizokuwa nagawa bila huruma. Sijutii. Aliyestahili sufuri alipata sufuri.

Siku hiyo Shamirah alitoka dukani kwake, akasimama mbele yetu mikono kiunoni. Nilijua anachotaka. Miaka ishirini na miwili nilitunga mimi maswali ya shindano la hesabu la shule za msingi za huku kwetu. Sheria ilikuwa moja: mtihani ukiisha, karatasi zinakusanywa na kuhesabiwa, mtoto anatoka na penseli yake tu. Nakala moja ya kila mwaka ilibaki kwangu, sandukuni, chini ya kitanda. Mtoto aliyetaka kuona maswali ya zamani alikuja kwangu Jumamosi, akaketi mkekani, akanakili kwa mkono. Karatasi haikutoka mlangoni hata siku moja. Shamirah mwenyewe alikuwa mtoto wa mkeka huo.

Shamirah: Mwalimu, nimerudi kwa ile habari. Nipe karatasi zote nipige picha, niweke kwa mtandao. Bure. Kila mtoto aone.

Mimi: Nilishakujibu.

Shamirah: Ulikohoa tu. Kukohoa hapana jibu.

Spea: Ati nini? Kuweka mtihani kwa mtandao? Nnyabo, dada yangu, hiyo ni kama mimi nianike injini kwa barabara, kila mtu abebe nati yake.

Afande: Tena hiyo ni siri ya serikali.

Shamirah: Afande, ni hesabu ya machungwa.

Afande: Hata machungwa. Kambini tulikuwa na neno ya siri, kila siku neno mpya. Lakini hata ile ya jana hapana toa, kwa sababu adui atajua akili yako inatembea namna gani. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo sanduku ifungwe.

Mama Rukiah: Hiyo methali haina sanduku ndani.

Afande: Nguo inakaa wapi? Si kwa sanduku?

Mama Rukiah alimjazia kikombe ili anyamaze. Haikusaidia, haijawahi kusaidia.

Shamirah: Kale, haya basi, mnisikie. Iko shule moja ya Bukoto, hizo karatasi wanazo. Mwalimu yao alisimamia shindano, akapiga picha kwa simu. Miaka nne sasa wanashinda wao tu. Watoto ya hapa wanaingia vipofu.

Spea: Basi wao ni wezi. Na wewe unataka kugawa kitu ya wizi kwa watu wote, wote tuwe wezi.

Shamirah: Siyo ya wizi kama mwenyewe ametoa.

Spea: Mwenyewe ni nani? Yule alitunga? Kamati? Mtoto alijibu? Mimi nikifunga breki kwa lori, lori inakuwa yangu?

Shamirah: Usifunge breki kwa mambo yangu, Spea.

Spea: Ngoja, sijamaliza. Ukiweka kwa mtandao, wale watu ya kompyuta huko nje watachukua. Watatengeneza mashine ya kujibu. Mwaka ujao mashine inakuja kujiandikisha hapa na yunifomu na soksi. Utaiuliza baba yako nani?

Afande: Hiyo bado ndogo. Mimi naona mbele. Watoto wakimeza majibu tangu wadogo, miaka kumi hivi, wanawake watakuwa wanazaa mtoto anajua kugawanya. Walimu wote nyumbani. Hata polisi nyumbani.

Mama Rukiah: Polisi kwa nini?

Afande: Mtu akijua hesabu vizuri hapana iba. Anapiga hesabu ya jela kwanza.

Siku nyingine ningecheka. Lakini kulikuwa na jambo lililonikaa kooni tangu Shamirah alipoitaja Bukoto, na nikaona bora nilitoe kabla halijaoza.

Mimi: Mwaka wa tisa niliishiwa maswali.

Spea: Sufuri, uliishiwa?

Mimi: Niliishiwa. Nikachukua swali la mwaka wa kwanza, nikageuza machungwa yakawa matairi. Mwaka wa kumi, matairi yakawa kuku. Hakuna aliyegundua, kwa sababu karatasi zilikuwa zangu peke yangu. Nilipostaafu niliiachia kamati daftari langu, nao wanafanya hivyo hivyo mpaka leo.

Shamirah alishusha mikono kutoka kiunoni.

Shamirah: Kumbe. Ndiyo maana Bukoto hawashindwi. Wanajua machungwa, wanangojea kuku.

Mimi: Ndiyo.

Shamirah: Na zikitoka zote mbele ya watu, kamati lazima itunge mpya.

Mimi: Ndiyo.

Shamirah: Na bado unakataa?

Afande: Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwacheni mzee asilie.

Mimi: Sikatai. Mtoto anayetaka aje mkekani, kama ulivyokuja wewe. Mlango wangu uko wazi kila Jumamosi.

Shamirah: Hawaji, Mwalimu.

Mimi: Kwa sababu ya uvivu.

Shamirah: Kwa sababu hawajui kama uko. Bambi, pole, Mwalimu. Hawajui kama uko.

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Sitayapamba haya. Tangu mke wangu Teresa afariki, ni miaka miwili, kila Jumamosi asubuhi naukung'uta ule mkeka na kuutandika, na jioni naukunja. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapikia uji watoto. Zamani walikaa mpaka kumi na wanne, magoti yanagusana. Sasa hakuna hata mmoja. Mwanangu mkubwa yuko Gulu, mdogo yuko ng'ambo, wote wananipigia simu sikukuu. Hupita siku tatu nyumbani kwangu sijasikia sauti ila ya redio. Lakini sanduku likiwa pale chini ya kitanda, bado ipo sababu ya mtu kugonga mlango. Karatasi zikiingia kwenye simu za watu, nani atatafuta mzee nyuma ya gereji? Haya sikuyasema benchini. Nilikunywa kahawa yangu, halafu nikazungumza kwa ile sauti ya darasani.

Mimi: Haya, utazipata. Ila kwa utaratibu. Karatasi haitoki mlangoni. Utakuja wewe nyumbani, saa kumi jioni, upige picha mwaka mmoja.

Shamirah: Mwaka mmoja?

Mimi: Kwa siku. Kesho yake unakuja kwa mwaka unaofuata. Ziko ishirini na mbili, basi siku ishirini na mbili. Chai itakuwepo.

Spea: Hiyo ni sawa. Haraka haraka haina baraka.

Afande: Nidhamu. Mimi naunga mkono.

Walikubali upesi mno. Spea hajawahi kukubali jambo lolote kabla ya kikombe cha tatu, na hapo alikuwa kwenye cha pili.

Muda wote huo alikuwepo mama mmoja amekaa juu ya kreti la soda mlangoni pa duka, bahasha mapajani, anamngoja Shamirah amtolee nakala za vyeti vyake. Anaitwa Emérence, fundi wa kushona kutoka Kongo, ana wiki moja tu hapa Kisenyi. Tulikuwa tumemsalimia na kumsahau.

Emérence: Munisamehe, baba. Miye niko mugeni. Ile shindano iko lini?

Shamirah: Siku kumi na saba kutoka leo.

Emérence: Na telefone inapiga picha mara moja tu, hapana? Karatasi zote ni dakika kumi.

Shamirah: Haifiki hata kumi, mama.

Emérence: Sasa juu ya nini siku makumi mbili na mbili?

Aliuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia. Spea aligeuka kutazama lori ambalo amelitazama mwaka mzima. Afande aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Shamirah alinitazama, na nikaona kwamba ameelewa. Nikaona pia kwamba angekuja. Angekuja siku zote ishirini na mbili, anywe chai yangu, asiseme neno, na watoto wa Kisenyi wangeingia shindanoni wanapungukiwa karatasi za miaka mitano.

Mama Rukiah aliinua birika, akalitikisa. Kahawa ilikuwa imekwisha. Alikusanya vikombe vyote, changu akaniachia.

Miaka thelathini na sita niliwauliza watoto wa watu maswali mepesi, na aliyenyamaza nilimwandikia sufuri kwa kalamu nyekundu. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nimenyamaza. Nilitia mkono mfukoni, nikatoa ufunguo wa sanduku, nikauweka juu ya chuma cha benchi.

Mimi: Liko chini ya kitanda. Mlango nimeurudisha tu, sukuma. Piga zote leo.

Shamirah: Twende wote, Mwalimu.

Mimi: Nenda wewe.

Shamirah: Mwalimu, si lazima leo.

Mimi: Nenda, binti. Mama huyu anangoja fotokopi yake.

Alichukua ufunguo, akaenda. Spea aliaga, ati kuna mteja. Afande naye aliaga, hakutoa sababu, akanigusa bega kabla ya kuondoka, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Emérence aliitazama nafasi iliyobaki wazi kando yangu, akauliza kama ina mwenyewe. Nikamwambia hapana. Akaja akaketi na bahasha yake, nasi tukatazama njia atakayorudi nayo Shamirah.

Dakika kumi na tisa, kwenda, kupiga zote na kurudi. Nilizihesabu.